Tutashuka Kila Stesheni

Wenzangu wa kibarazani, tangu nirudi Migori kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake. Mama Zulfa aliniuliza huku akinipimia kitambaa, macho yake yakiwa kwenye futi. Robi aliniuliza moja kwa moja, kama kawaida ya Robi. Atieno hakuuliza neno. Alikuja tu akakaa kando ya cherehani yangu, akakaa, akakaa, mpaka nikamwambia basi, nitaandika. Kwa mdomo nimeshindwa. Nikianza kusimulia nafika Mariakani sauti inakatika. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho sote tunachoelewana nacho hapo kibarazani, na kwa sababu hadithi yenyewe, mtaona, ilivunjikia kwenye lugha.

Lambwe hadi Mombasa

Ndugu yangu Ouma mlimjua, yule aliyewajengea choo kipya nyuma ya maduka kabla hajaenda Mombasa. Huko alikuwa fundi mwashi. Siku moja alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, akapiga kichwa. Alilazwa, akapona, akawa anatembea na kula kama mtu mzima, lakini maneno yalikuwa yamemtoka. Kiingereza kiliondoka chote. Kiswahili kiliondoka chote. Kilichobaki ni Kijaluo chetu, nacho kidogo, kama cha mtoto anayeanza kusema.

Binamu yetu Okello, aliyekuwa akikaa naye, akaona heri Ouma arudi nyumbani. Alimpandisha treni ya asubuhi, ile inayosimama njiani, akamketisha dirishani akamwambia asiinuke mpaka Nairobi. Baba mdogo akaenda kumpokea. Mfuko wa Ouma ulifika Nairobi, umekaa vizuri juu ya kiti, simu ikiwa ndani. Ouma mwenyewe hakufika.

Tulipiga ripoti polisi. Tulitangaza kwenye redio. Picha yake ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikaanza kunirudia mimi mwenyewe kutoka kwa watu nisiowajua. Miezi ikapita. Halafu siku moja ya soko Mama alinipigia kutoka Rodi Kopany, akasema ameshuka kutoka kwetu Lambwe, yuko hapo na mzigo wake, nimfuate. Nilimkuta ameketi kwenye gogo nje ya duka la mbolea, amevaa viatu vya kanisani. Akasema tunakwenda Mombasa.

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia nitapiga simu, nitamtuma Okello aulize kwenye stesheni zote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kijaluo, taratibu:

"Simu mmepiga za kutosha. Mtoto wangu alishuka mahali. Na sisi tutashuka kila mahali."

Safari ya basi kutoka Homa Bay sina la kuisimulia. Mama alikuwa hajawahi kupita Kisumu. Alikaa macho njia nzima, akaniuliza majina ya miji, na kila nikimtajia alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa kwamba huko nako hayupo.

Mombasa hadi Mariakani

Treni tuliyoipanda ndiyo aliyoipanda Ouma. Watu wengi humo huenda mbali, mpaka Nairobi, na hata anayeshuka njiani huwa amekaa saa kadhaa. Sisi tulikuwa tunakwenda stesheni ya kwanza tu, Mariakani.

Kabla ya kupanda, mizigo yote ilipangwa chini kwa mstari ili mbwa wa polisi ainuse. Mbwa alipita mabegi yote, akafika kwa la Mama, akagoma kuondoka. Askari akatuita pembeni. Mama hakuelewa kinachoendelea. Alidhani wamepata habari za Ouma, akawa ananivuta mkono niwaulize wamemwona wapi. Askari alipofungua begi alikuta omena waliokaangwa, kilo nzima, wamefungwa kwenye gazeti. Alicheka, akatwambia twende. Mama alikuwa bado anasubiri habari. Ilibidi nimweleze kwamba ni samaki tu, ni samaki tu tulioitiwa.

Tulikaa viti vya kuangaliana na mwanadada mmoja aliyekuwa akienda Nairobi. Mama alitoa omena na vipande vya ugali wa jana ili tule. Hajamaliza kufungua, ikatangazwa kwamba tunakaribia Mariakani. Mwanadada akashangaa tukifunga tena chakula. Akauliza kwa nini tusingepanda gari la barabarani kwa mwendo mfupi namna hiyo, tukafika zamani. Nikamwambia tunamtafuta mtu aliyeshuka humu. Alitusaidia kushusha begi.

Treni hiyo hupita mara moja tu kwa siku kuelekea upande huo. Ukishuka, umeshuka mpaka kesho. Hilo sikuwa nimelifikiria vizuri nilipokuwa Migori. Nililielewa pale kwenye sakafu ile pana ya stesheni, watu walipokwisha kutawanyika, tukabaki Mama na mimi na mfagiaji mmoja.

Tulionyesha picha kwa walinzi, kwa waendesha bodaboda nje ya lango, kwa wanawake wanaouza mihogo ya kukaanga mjini. Mmoja wao alisema yupo mtu sokoni asiyejua kusema, mrefu, mweusi, wa umri huo huo. Mama aliniacha nyuma. Sikujua kwamba anaweza bado kutembea hivyo. Tulimkuta mtu huyo amelala chini ya meza ya mboga, amejifunika gunia usoni. Mama akapiga magoti, akaweka mkono kwenye mguu wake, akaanza kumwita kwa jina. Mtu akaondoa gunia. Alikuwa Mgiriama, mtu mzima, meno hana. Alimwangalia Mama bila hasira yoyote, akamshika ule mkono uliokuwa mguuni pake, akaendelea kuushika. Mama hakuutoa upesi.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Asubuhi Mama akasema, "Hapa siyo." Ndiyo yote aliyosema kuhusu Mariakani.

Mariakani hadi Miasenyi

Mwendo huu ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kwanza, lakini bado mfupi. Nje ni vichaka na udongo mwekundu, nyumba hakuna. Nilianza kukata tamaa humo ndani ya treni. Nilijiuliza mtu asiye na maneno angeishi vipi katika nchi kama ile. Nilihesabu stesheni zilizobaki mpaka Nairobi nikaona kwamba Mama atachoka kabla hatujafika nusu, na kwamba ndiyo labda anachotaka, achokee njiani kuliko kuchokea nyumbani.

Miasenyi tulishuka watu wachache sana. Nje ya stesheni, kwa mbali, palikuwa na kibanda cha chai. Mwenyewe alikuwa mama wa Kitaita, mnene, mchangamfu, aitwaye Mama Wakesho. Nilimwonyesha picha kabla hata ya kuagiza chai.

Aliitazama, akakaa chini.

"Huyu amekaa kwangu," akasema.

Nilimfasiria Mama. Mama alishika nguzo ya kibanda.

Mama Wakesho alitusimulia yote. Siku Ouma aliposhuka, yeye alikuwa stesheni kumpokea dadake mdogo, aliyekuja na watoto wawili na magunia. Ouma alikuwa amekaa karibu na yule dada ndani ya treni. Alipomwona anahangaika na magunia, aliinuka akambebea moja mpaka chini, akarudi kuchukua la pili, akashuka nalo. Mlango ukafungwa, treni ikaondoka. Alisimama akiitazama ikienda. Walipomwuliza jina, au anakokwenda, alijibu kwa lugha wasiyoijua. Hawakuweza kumwacha pale. Walimpeleka nyumbani, akakaa kwao karibu wiki nzima. Alikuwa mpole, akawapasulia kuni, akawarekebishia ukuta wa jiko uliokuwa unainama. Ukuta huo tulionyeshwa. Mama aliupapasa kwa kiganja, tofali kwa tofali.

Nikamwuliza sasa yuko wapi. Hapo ndipo Mama Wakesho alipoanza kutazama chini.

Alisema Ouma alikuwa na neno moja alilolirudia kila siku, asubuhi na jioni, akielekeza kidole barabarani. Watu wa jirani walikuja wakasikiliza. Mmoja aliyewahi kufanya kazi Arusha akasema huyu ni Mtanzania, anaomba usafiri wa kwao.

"Alikuwa anasema dala, dala," akasema Mama Wakesho. "Tukajua anataka daladala. Matatu tu kwa Kitanzania. Basi nikampa jirani yangu mwenye gari, akampeleka Voi, akamshusha pale magari ya Taveta yanapopakia, ili avuke mpaka aende kwao. Nilimfungia na chakula."

Mama hajui Kiswahili zaidi ya cha sokoni, lakini neno hilo alilisikia. Aliniangalia. Kwa Kijaluo, wenzangu ambao hamkijui, *dala* ni nyumbani. Boma la mtu. Mahali alipozaliwa.

Sikumwambia Mama Wakesho maana yake siku ile. Alikuwa ametupikia kimanga, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, akatutandikia kitanda chake mwenyewe yeye akalala chini na wajukuu. Kwa nini nimvunje moyo? Nilimshukuru. Mama naye alimshukuru, kwa Kijaluo, kwa maneno mengi, na Mama Wakesho akawa anaitikia tu "amina, amina", akidhani anaombewa.

Lakini niseme kweli, usiku ule ndio pekee katika safari nzima tuliolala na matumaini. Ouma alikuwa hai, amekula, amejenga ukuta. Yuko Voi au Taveta. Mama alianza kupanga atakavyomfundisha kidogo kidogo mpaka maneno yamrudie, aanze na majina ya ng'ombe.

Miasenyi hadi Voi

Huu ulikuwa mwendo mfupi kuliko nilivyotaka. Kuna mhudumu mmoja wa treni, msichana wa sare, aliyetuona kwa siku ya tatu mfululizo. Sasa alitusalimu kama watu wa kwao, akatuuliza leo tunashuka wapi. Mama alimwambia "Voi" yeye mwenyewe, kwa sauti, bila kunisubiri nimsemee. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Aliketi akiwa ameshapakata begi lake magotini, tayari kushuka, tangu treni ilipoondoka.

Kutoka stesheni tulikwenda mjini, pale magari ya Taveta yanapopakia. Nilimwonyesha picha kijana wa kwanza wa kuita abiria. Aliitazama kidogo tu.

"Huyu ni Abdala," akasema.

Nikamwambia hapana, anaitwa Ouma. Akaita wenzake wawili, wakaangalia, wakasema ni Abdala, Abdala wa msikitini, Mtanzania, kila mtu hapa alimjua. Hakuna gari alilokubali kupanda. Wakimfungulia mlango anaangalia ndani, anatikisa kichwa, anarudi nyuma. Niliona wanasema "alimjua" wala si "anamjua", lakini nilijiambia kwamba watu wa steji husema ovyo. Mama alikuwa akicheka. Aliniuliza wanasemaje, nikamwambia wanamjua. Alimshika mmoja wao mashavu kwa mikono miwili.

Walituelekeza kwa Mzee Athumani, mzee anayeshona viatu upande wa pili wa barabara, karibu na msikiti. Alipoona picha hakuitikia swali langu. Aliniuliza tumetoka wapi, na kama tumekunywa maji. Akatuletea viti viwili kutoka duka la jirani. Akasubiri mpaka Mama amekaa vizuri. Hapo nikajua.

Alisema kijana alikaa nao barazani pa msikiti kwa muda mzuri. Alifagia ua bila kuambiwa. Chakula alipewa na nyumba hii na ile. Kisha akashikwa na homa, wakampeleka hospitali, na huko hakumaliza siku nyingi. Polisi walingoja ndugu wajitokeze. Hawakutokea. Mwishowe watu wa msikiti wakaomba ruhusa, wakamzika, kwa sababu hawakutaka alale huko peke yake kama mtu asiye na watu.

"Tulimwosha kama mwenzetu," akasema. "Tukamsalia. Dini yake sikuijua, lakini jina lilitutosha."

Nilimgeukia Mama. Ni mimi niliyetakiwa kulisema, kwa maana hakukuwa na mtu mwingine wa lugha yetu mji mzima. Nililisema. Mama hakupiga yowe, kama wanawake wetu wanavyofanya na kama nilivyoogopa. Alibaki ameshika begi lake.

Mzee Athumani alitupeleka makaburini kwa miguu, akiwa amefunga kibanda chake. Kaburi lilikuwa safi, lina jiwe dogo kichwani na miguuni, na mtu alikuwa amelipalilia. Mama aliketi chini kando yake, miguu ameinyosha, kama anavyoketi nyumbani akichambua mahindi. Kisha akaniambia nimwulize mzee: mwanangu alisema nini mwishoni?

Mzee alifurahi kuulizwa. Aliona ana kitu cha kutupa.

"Mwambie mama hakusahau jina lake," akasema. "Maneno mengine hakuwa nayo, lakini jina alilishika mpaka siku ya mwisho. Alikuwa akilala pale kitandani anajitaja: dala, dala. Nasi tunamwitikia: naam, Abdala, tupo, tupo hapa na wewe."

Sikufasiri. Haikuhitajika. Mama alikuwa amelisikia tena. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa udongo, akakaa hivyo. Kisha akasema bila kuinuka:

"Mwambie."

Nikamwomba asinitume hilo. Nilimwambia kwamba mzee huyu amemlea mtoto wetu, tumwache na kile anachokijua. Mama akarudia: "Mwambie. Ouma alilisema siku zote hizo na hakuna aliyemsikia. Mtu mmoja amsikie."

Nikamwambia. Nilisema, "Mzee, Abdala halikuwa jina lake. Kwetu dala ni nyumbani. Alikuwa anaomba apelekwe nyumbani."

Mzee Athumani alinitazama kama mtu anayengoja niendelee. Alivua kofia yake, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akageukia upande wa barabara. Nilisikia akisema polepole, si kwangu, "Na sisi tulikuwa tunamwitikia."

Voi hadi nyumbani

Tulirudi kwa basi. Mama alichukua udongo kidogo wa kaburi, akaufunga kwenye kitambaa chake kipya cha kichwa.

Nyumbani kulikuwa na vikao. Watu wa ukoo walikuja Lambwe, na Okello alikuja kutoka Mombasa, akakaa nje ya lango siku nzima akiogopa kuingia, mpaka Mama alipomfuata akamwingiza. Wengine walisema Ouma afukuliwe aletwe alale karibu na kibanda chake cha ujana pale bomani kama mwanamume mwingine yeyote wa kwetu. Mama alikuwa upande huo, na mimi pia. Lakini baba mdogo alisema kaburi halifunguliwi, kwamba ukilifungua unaita vifo vingine, na kwamba udongo ulioletwa unatosha. Aliposema hivyo, waliobaki wakanyamaza mmoja mmoja. Udongo ukazikwa kwa sala na wimbo. Mama hakuja. Alikuwa jikoni, na tulipomaliza tulimkuta anaosha sufuria zilizokwisha kuoshwa.

Hajakataa kula wala kuzungumza. Analima. Ukimwona utasema amepona. Jambo lenyewe ambalo sijawaambia ni hili la simu.

Mzee Athumani hupiga kila Ijumaa baada ya sala, kwenye simu ya Mama, kutuambia kwamba amepita makaburini na kwamba yote ni salama. Kiswahili chake ni cha pwani, hakimfikii Mama hata kidogo. Mwanzoni nilikuwa nakwenda Lambwe siku hiyo ili niwafasirie. Siku moja nilichelewa. Nilipofika, Mama alikuwa ameketi mlangoni, simu sikioni, anazungumza Kijaluo kwa utulivu, na sauti ya mzee ilikuwa inasikika ikimjibu: ndiyo, mama, ndiyo, mama.

Nilisimama uani nikasikiliza. Alikuwa anamwambia: mwambie Ouma asiondoke hapo alipo. Asimfuate mtu tena, asibebe mzigo wa mtu. Mwambie nimepajua sasa, na tunakuja kumchukua.

Ndiyo, mama, akasema mzee.

Hivyo ndivyo wanavyosema kila Ijumaa. Siendi tena kufasiri. Mzee hajui anachokubali, na Mama anajua vizuri kwamba hatuendi.